Kompyuta haijafa, anayekosekana ni fundi

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, hapa Dodoma zimeenea kauli mbili, na zote zinapotosha. Ya kwanza ni ya wauzaji: kompyuta yako imeisha muda wake, njoo uchukue nyingine. Ya pili ni ya vijana wa vyuoni wanaopenda kompyuta: hamia leo kwenye Linux, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni bure, haishiki virusi, anayesita ni mshamba. Nimekaa na wanaosita, wenye steshenari, walimu, karani mmoja wa saccos, na nimeona kwamba wanachokwepa si teknolojia. Wanakwepa kubaki peke yao siku mashine ikigoma. Kwa kompyuta nyingi tulizonazo, kuhamia Linux kunawezekana na kuna faida ya kweli, lakini hakutakuja kwa kumhubiria mtumiaji. Kutakuja pale fundi wa mtaani kwake atakapoweza kuitengeneza Linux kwa wepesi uleule anaopigia window, yaani kuweka Windows upya.

Kwanza tuelewane kilichotokea. Wapo waliopeleka kompyuta kwa fundi wakiamini itajizima yenyewe usiku wa tarehe hiyo. Hazikujizima, na zinaendelea kuwaka hadi leo. Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015, na baada ya miaka kumi walioitengeneza wameacha kuziba matundu yake bure. Maana ya jambo hilo inaonekana vizuri kwenye kisa cha WannaCry cha Mei 2017, kirusi kilichofunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai pesa ili kuyafungua, kikavuruga hata hospitali za umma za Uingereza. Kiraka cha tundu kilichopitia kilikuwa kimeshatolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao kiraka hakikuwa kimewafikia. Kompyuta ya Windows 10 isiyopata masasisho sasa inaishi katika hali hiyo moja kwa moja: kila tundu jipya linalogunduliwa, kwake litabaki wazi.

Kwa Dodoma hatari hii ina sura yake, na nadhani haizungumzwi vya kutosha. Huu ndio mji wa wizara, na ndio mji wa watu wanaofuatilia mambo wizarani. Steshenari za Nkuhungu, Majengo na njia ya kwenda chuoni zinaishi kwa kazi za mtandaoni: maombi ya ajira, mkopo wa chuo wa HESLB, usajili wa biashara wa BRELA, zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali. Angalia kioo cha kompyuta ya steshenari yoyote asubuhi kabla haijasafishwa. Utakuta mafaili yamejipanga hadi pembeni, CHETI CHA KIDATO CHA NNE, NIDA YA BABA, CV MPYA KABISA 2, picha za watu ambao wameshasafiri kurudi Singida na Kondoa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini vyeti vya watu vimelala kwenye mashine ambayo haizibwi matundu, inayochomekwa flashi za wateja kutwa nzima.

Basi kwa nini wasihamie tu Windows 11? Kwa sababu Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, imeweka masharti. Inataka TPM 2.0, yaani sehemu maalumu ya kutunzia funguo za siri ndani ya kompyuta, na kwa upande wa Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Sasa tembelea wauzaji wetu wa kompyuta za mtumba. Utakutana na HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470 na ThinkPad T460, zote za kizazi cha sita. ThinkPad T470 ni ya kizazi cha saba, nayo haimo. Hizi ni mashine imara zilizotoka kwenye ofisi za nje, bodi zake hazisumbui, betri na vioo vyake vinapatikana, RAM unaongeza kwa bisibisi moja. Hazijachoka. Zimeangushwa na orodha ya masharti. Na kwa kuwa ofisi za Ulaya na Marekani zinaziondoa kwa sababu hiyohiyo, nyingi zaidi zitatafuta mnunuzi, na mnunuzi ni sisi. Tukikubali kwamba ni takataka, tutakuwa tunanunua takataka kwa pesa zetu. Tukijua cha kuzifanyia, tutakuwa tunanunua miaka kadhaa ya kazi kwa bei nafuu.

Kuna njia ya kukaa hapo ulipo kwa muda. Microsoft ilitangaza nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi Oktoba 13, 2026: kwa kulipa dola 30, kwa kutumia pointi 1,000 za zawadi zao, au bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwenye akaunti yao. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta halali nyumbani, hiyo ni pumzi nzuri na simlaumu anayeichukua. Kwa taasisi hesabu ni nyingine: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inajirudufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Asasi yenye kompyuta 20 italipa dola 1,220, kisha 2,440, kisha 4,880, ili mwisho wa yote ibaki na kompyuta zilezile na swali lilelile. Shule zenye leseni za elimu zimepewa bei ndogo mno, dola 1 mwaka wa kwanza. Shida ni kwamba shule nyingi ninazozifahamu hazijawahi kuwa na leseni ya aina yoyote.

Hapo ndipo inapoingia njia ambayo kwa kweli ndiyo inayotumika, ya fundi kuweka Windows 11 kwa kuruka masharti. Anachukua flashi, anaiandaa kwa programu ya Rufus huku akiondoa ukaguzi wa TPM na prosesa, anapiga window, anaikrak, yaani anaifungua bila leseni, mteja anaondoka ameridhika. Nisiidharau njia hii. Inafanya kazi, inamaliza tatizo kwa saa moja, na inamwacha mtu kwenye mazingira anayoyajua. Lakini mteja ajue alichonunua. Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta zisizotimiza masharti hazina haki ya kupata masasisho, na toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 tayari limekataa kuwaka kabisa kwenye prosesa za zamani mno zilizokuwa zikikubali matoleo ya kabla yake. Halafu kuna kukrak kwenyewe. Programu nyingi za kukrakia hutaka kwanza uzime ulinzi wa kompyuta ndipo zifanye kazi. Mtu aliyehama Windows 10 kwa sababu ya usalama anajikuta anamfungulia mlango asiyemjua, tena kwa mkono wake.

Mama mdogo wangu ana steshenari Nkuhungu, na ndiye aliyenifundisha ninachokiandika hapa. Siku moja ya upepo, vumbi limejaa hadi kwenye kibodi, nilichomeka flashi yenye Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, kwenye EliteBook yake nikaiwasha. Mfumo huu una ukarimu mmoja ambao watu wengi hawaujui: unaweza kuujaribu ukiwa kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta, ukachomoa ukarudi kwenye Windows yako kama hakuna kilichotokea. Alifungua Firefox, akaingia mtandaoni, akafungua CV ya mteja. Akachomeka flashi ya mwanafunzi mmoja iliyokuwa na kile kirusi kinachogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato. Kwenye Windows angeona vishale tupu na mwanafunzi angelia. Kwenye Mint mafaili yalionekana yote, kwa kuwa alama ya Windows ya kuyaficha haina nguvu huko. Yakanakiliwa, kirusi kikabaki faili isiyo na la kufanya. Nilidhani nimeshinda. Mama mdogo akavua miwani akaniuliza, "Sawa mwanangu. Ikigoma Jumatatu saa tatu, nina foleni hadi nje, nampigia nani?" Nikamwambia anipigie mimi. Akasema, "Wewe upo kazini Mji wa Serikali, Mtumba. Namuuliza fundi."

Swali hilo watetezi wa Linux hulipita kana kwamba ni woga. Mimi naliona ni hesabu ya biashara, na hesabu yake ni sahihi. Window ikiharibika, kuna fundi duka la tatu. Printa ikikataa kusoma, kijana yeyote pale anajua aingie wapi. Linux ikiharibika, hata kwa jambo dogo, mtaa mzima unakusanyika kuangalia kioo. Ubora wa mfumo haupimwi siku unapofanya kazi tu, hupimwa pia kwa umbali wa mtu anayeweza kuurekebisha. Kwa kipimo hicho Windows iliyochoka bado inaishinda Linux nzima Nkuhungu, na hapo Torvalds mwenyewe, aliyeianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, asingeweza kumsaidia mama mdogo.

Upungufu wa Linux nao utajwe bila kufichwa. Photoshop haipo, na steshenari nyingi hukata picha za pasipoti kwa Photoshop. GIMP, programu ya bure ya picha, inafanya kazi hiyo, lakini vidole vilivyozoea njia ya mkato miaka minane havihami kwa siku moja. QuickBooks ya kusakinishwa kwenye kompyuta haina toleo la Linux, kwa hiyo mhasibu anayeitegemea namshauri abaki. Printa nyingi za HP zinakubali bila maneno, lakini kuna za makampuni mengine zinazohitaji kutafutiwa programu yake, na wakati mwingine haipatikani. Na kuna nyaraka. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua mafaili ya Word, na Mint huja na herufi zilizopimwa upana sawa na Times New Roman, hivyo barua ya kawaida haibadiliki hata mstari. Ila CV yenye jedwali, picha pembeni na mistari ya rangi inaweza kusogea nusu ukurasa, na anayeiona kwanza ni mteja mwenye haraka. Haya si madogo. Anayemwambia mtu kwamba hatapata tofauti yoyote anamdanganya, na siku akiigundua tofauti hatamwamini tena.

Hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote ni ile inayosemwa na watu wa heshima, wakuu wa shule na maofisa: watu wetu hawawezi kujifunza mfumo mpya, tusiwachanganye. Vodacom ilipoleta M-Pesa mwaka 2008, hakuna mama wa sokoni Majengo aliyepelekwa darasani. Aliyetoka kwenye Nokia ya kitochi kwenda simu ya Android alibadili kila kitu, vitufe, menyu, namna ya kuandika, namna ya kuchaji, na ndani ya miezi alikuwa anatuma sauti kwenye kundi la kikoba. Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux, ingawa sisemi kwamba ni kitu kimoja na Linux ya kompyuta. Kilichowavusha watu ni kwamba kila kona palikuwa na wakala na kijana wa simu, mtu unayemkabidhi kifaa ukamwambia, nifanyie hapa. Watu wetu wanajifunza haraka mno pale wanapokuwa na wa kumuuliza. Kusema hawawezi ni kuficha kwamba hatujawawekea huyo wa kumuuliza. Na vijana wa upande wa pili wanaosema Linux haishiki virusi nao waache: inashambuliwa kidogo zaidi mezani kwetu, lakini isiposasishwa ni nyumba yenye mlango wazi kama nyingine.

Tulishawahi kujaribu kuanzia upande wa mtumiaji. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na bado naamini Kiswahili kwenye kompyuta ni haki yetu. Lakini miaka zaidi ya 20 baadaye sijaikuta steshenari hata moja. Menyu zilizungumza Kiswahili, fundi hakuwepo. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux, kazi iliyotangazwa kukamilika mwaka 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Wapo wanaosema ilikuwa siasa, na siasa ilikuwepo. Lakini manung'uniko ya watumishi kuhusu nyaraka na msaada wa kiufundi yalikuwepo pia, na siasa haiwashi moto pasipo na kuni.

Sasa niseme jambo ambalo nadhani ndilo kiini, na ambalo fundi mmoja aliniambia akiwa anafuta vumbi kwenye feni ya kompyuta. Fundi wa mtaani anaishi kwa marudio. Mteja anapigiwa window leo, baada ya miezi michache mashine ni nzito, imejaa matangazo na virusi, anarudi, anapigiwa tena. Kila kurudi ni pesa. Mashine ikiwekwa Mint ikakaa miaka miwili bila kuugua, fundi amepoteza safari kadhaa za mteja huyo. Kwa nini ajifunze kitu kitakachompunguzia riziki? Tumekuwa tukitangaza Linux kwa neno "bure", na neno hilo ndilo linalomfukuza mtu pekee anayeweza kuifikisha nyumbani kwa watu. Programu ni bure, lakini kazi ya fundi haijawahi kuwa bure na haipaswi kuwa. Anapaswa kulipwa kwa kuhamisha mafaili salama, kwa kuipatanisha printa, kwa kupita mara moja kwa mwezi kuangalia masasisho na kutengeneza nakala ya akiba. Steshenari tano zilizo jirani zinaweza kuchanga na kuwa na fundi wao, kama zinavyochangia mlinzi wa usiku. Na mzigo wa kuanza ni mdogo: faili la Mint ni karibu GB 3, linapakuliwa mara moja, flashi moja inahudumia kompyuta zote za mtaa bila kula bando la mtu mwingine.

Kwa hiyo nikitazama nani afanye nini, simtazami mama mdogo. Natazama matangazo ya kozi za kompyuta yaliyobandikwa kwenye nguzo: Windows, Word, Excel, Publisher, intaneti, miezi mitatu. Yanafundisha majina ya bidhaa. Chuo cha VETA na vyuo vya mtaani vikiongeza wiki mbili tu za kuweka Linux, kuokoa mafaili na kuhangaika na printa, vijana watatoka na ujuzi ambao duka la jirani halina. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki nzima ya tehama juu ya kilima, na wanafunzi wake ndio wateja wa steshenari za chini ya kilima. Umbali huo ni wa bodaboda moja. Na wanaoandika zabuni za kompyuta za shule wanaweza kuacha kuandika jina la mfumo, wakaandika kazi inayotakiwa na miaka ambayo masasisho lazima yapatikane. Mint 22 na Ubuntu 24.04, toleo jingine la Linux, zote za mwaka 2024, zina masasisho hadi 2029. Kwa mashine ya kizazi cha sita iliyonunuliwa leo, hiyo ni miaka ya kutosha kurudisha pesa.

Mama mdogo hakuhama, au niseme alihama nusu. EliteBook sasa ina Mint, inashughulika na flashi za wateja na kazi zote za mtandaoni. Mashine yake ya mezani imebaki na Windows 10, imetolewa intaneti, inakata picha za pasipoti na kutengeneza kadi za harusi. Fundi wa duka la tatu alikubali kujifunza baada ya kuhakikishiwa malipo ya kila mwezi, na namba yake imebandikwa kwa gundi ya karatasi chini ya kibodi. Kadi ndizo zinazomsumbua mama mdogo kwa sasa, kwa sababu Microsoft imetangaza kwamba Publisher yenyewe, programu anayotengenezea kadi, inaondolewa Oktoba 2026, na kadi zake zote za miaka tisa zimo humo. Fundi huyo huja Jumanne jioni baada ya kufunga. Wanazifungua moja moja kwenye LibreOffice Draw, wanayarudisha maua yaliyohama, wanapanga upya majina ya wazazi wa pande zote mbili, na mama mdogo anamlipa kwa kila kadi iliyokaa sawa.